Saa ya tone la kwanza

Madaftari mengi ya hali ya hewa yanayoandikwa na watu wa kawaida yana kasoro moja: yana milimita, hayana saa. Ukiyafungua unakuta tarehe, mvua 14, joto la juu 29, joto la chini 18, basi. Kwa bustani hesabu hiyo yaweza kutosha. Kwa mtu anayetaka kupanda mlima siku ya mapumziko, kuvuka mto, kulala hemani au kutoka na mtumbwi, milimita 14 hazisemi kitu kama hajui zilianguka saa ngapi. Milimita 14 za saa nane usiku huwakuta watu wamelala. Zile zile zikimwagika saa tisa alasiri, huwakuta kwenye mgongo wa mlima usio na hata kichaka. Kwa hiyo kabla ya kununua chombo chochote, chora safu moja ya ziada kwenye daftari: saa ya tone la kwanza.

Si lazima ukeshe. Anayeweza kutazama saa matone yanapoanza kupiga paa, aandike saa kamili. Asiyeweza, agawe siku mafungu manne: saa sita usiku hadi kumi na mbili asubuhi, kumi na mbili hadi sita mchana, sita mchana hadi kumi na mbili jioni, kisha kumi na mbili hadi sita usiku. Kila fungu lipe herufi yake. Siku kavu nazo ziandikwe, maana ukiandika siku za mvua tu, msimu ukiisha hutajua ilinyesha siku ngapi kati ya ngapi.

Msimu ukipita, kaa uhesabu. Tuseme umeandika siku 60, mvua imenyesha siku 34, na katika hizo 34, siku 25 tone la kwanza lilianguka baada ya saa saba mchana. Maana yake ni kwamba hadi saa saba hapakuwa na tone siku 51 kati ya 60. Siku kama hizo huna haja ya kuahirisha safari. Unachohitaji ni kuamka mapema na kuhesabu kurudi nyuma. Tuseme daftari linaonyesha mvua hizo huanza kuanzia saa nane; weka akiba ya saa mbili, yaani saa sita mchana uwe umeshashuka hadi kwenye miti. Kushuka kutoka kileleni hadi mitini ni saa moja na nusu, basi saa nne na nusu asubuhi ni saa ya kugeuka, umefika kileleni au hujafika. Kupanda ni saa nne. Ondoka saa kumi na mbili kamili, utafika saa nne na utakuwa na nusu saa ya kupiga picha. Saa ya kugeuka iandikwe nyumbani, kwenye karatasi, na kila mwenzako aijue. Ikiachwa kuamuliwa kule juu, kilele kikiwa kinaonekana na miguu bado ina nguvu, itasogezwa kwa dakika ishirini, kisha ishirini nyingine.

Hesabu hii inafaa mahali ambapo mvua hutokana na jua kuchemsha ardhi: hewa ya chini hupata joto, hupanda, hupoa, mvuke wake hugeuka matone, na mawingu hukomaa mchana na alasiri. Kando ya ziwa kubwa au bahari yenye maji ya uvuguvugu mambo huweza kugeuka. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda majini, hewa hupanda juu ya maji, na ngurumo husikika usiku wa manane na alfajiri. Na kuna mvua za mifumo mikubwa ya hewa, zile za wingu moja pana la kijivu linaloshinda siku nzima. Hizo hazina saa maalumu. Ukiona herufi za mafungu yote manne zimetapakaa sawasawa kwenye daftari, jua kwamba mahali pako au msimu wako ni wa aina hiyo, na saa ya tone la kwanza haitakusaidia sana. Hapo utaegemea baromita, yaani chombo cha kupima mgandamizo wa hewa, na mawingu, ambavyo tutavifikia.

Milimita nazo zina kazi yake, hasa kwa mito na njia za matope, na hapa ndipo watu hupoteza usahihi bila kujua. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Kipimamvua cha kujitengenezea kinachofundishwa sana, chupa ya plastiki iliyokatwa na kichwa chake kupinduliwa, kina matatizo mawili: kitako cha chupa kina mabonde, na ubavu wake haujanyooka, kwa hiyo rula iliyobandikwa kando hudanganya. Njia bora ni kupima ujazo. Tafuta faneli ambayo mdomo wake kwa ndani ni sentimita 11.3. Eneo lake ni kama sentimita 100 za mraba, hivyo kila mililita 10 utakazokusanya ni milimita moja kamili ya mvua. Iweke juu ya chupa ya lita mbili, nayo itabeba hadi milimita 200. Asubuhi unavuta maji kwa bomba la sindano la mililita 20, unahesabu, unagawa kwa kumi. Ukikosa faneli ya kipimo hicho, zidisha kipenyo kwa kipenyo, zidisha kwa 0.785, gawa kwa 10. Jibu ni mililita ngapi zinafanya milimita moja. Faneli ya sentimita 14 hutoa 15.4. Pima kipenyo kwa makini, pande mbili tofauti, kwa sababu faneli za plastiki hupinda na kuwa na umbo la yai, na kosa la milimita mbili tu kwenye faneli ya sentimita 11.3 ni kosa la zaidi ya asilimia 3 katika kila mvua utakayoandika mwaka mzima.

Mahali pa kukiweka ni muhimu kuliko chombo chenyewe. Ukuta wa mita 3 unataka kipimamvua kikae angalau mita 6 kutoka ulipo, yaani mara mbili ya urefu wake. Mti vivyo hivyo. Usikiweke juu ya paa, kwani huko upepo hukatiza na kupitisha matone juu ya mdomo. Usikiweke karibu na saruji, kwani matone mazito yakipiga sakafu hurukia ndani. Kwenye majani mafupi mdomo uwe sentimita 30 hivi kutoka chini. Kwenye udongo mtupu upandishe hadi mita moja. Mdomo uwe sawa kabisa: weka sahani ya maji juu yake, utaona upande unaolala. Kisha weka kipande cha wavu wa waya ndani ya faneli, maana jani moja lililolala vizuri juu ya tundu hugeuza faneli kuwa bakuli, na maji hukauka kabla hujafika.

Kusoma kwenyewe ni asubuhi saa tatu, kila siku, na mvua hiyo huandikwa kwenye tarehe ya jana kwa kuwa sehemu kubwa ya saa 24 zilizopita ilikuwa jana. Wengine huiandika kwenye tarehe ya leo. Chagua moja na uiandike kwenye jalada la daftari, usibadilishe. Shika bomba la sindano wima, lipandishe usawa wa jicho. Uso wa maji hautakuwa bapa; kando umepanda kidogo na katikati umebonyea. Soma pale katikati, penye kina cha chini. Ukisoma kingo utajiongezea kiasi kidogo kila siku, na kiasi kidogo kila siku kwa msimu mzima si kidogo tena. Yakiwepo matone yasiyofika kipimo, usiandike sifuri. Andika neno "dalili". Faneli ikiwa imelowa na usiku ulikuwa mweupe usio na wingu, huo ni umande, na uandikwe umande. Ukisafiri siku tatu na kukuta milimita 27, andika 27 kwa siku tatu kwa mabano. Usiigawe tisa tisa, maana hizo tisa hazikunyesha popote isipokuwa kwenye daftari lako.

Kipimajoto ndicho kinachodanganywa zaidi. Kikiwa juani hakipimi hewa, kinapima jua linavyokichoma chenyewe. Kinahitaji kisanduku cheupe chenye mbao zilizoinama kama vipande vya shata ili upepo upite na jua lisipite, mtindo uliobuniwa na mhandisi wa Uskoti Thomas Stevenson katika karne ya 19. Kimo ni mita 1.25 hadi 2 juu ya majani, mbali na kuta na bati. Mlango utazame upande ambao jua halipiti: kaskazini mwa ikweta mlango uangalie kaskazini, kusini mwa ikweta uangalie kusini. Wanaoishi karibu na ikweta ndio hubabaika hapa, kwa kuwa jua huwapitia pande zote mbili kwa zamu. Dawa ni milango miwili, mmoja kila upande, na ule ulio kivulini ndio unaofunguliwa kwa majira hayo. Kukihakiki ni rahisi: barafu iliyopondwa ijae kwenye kikombe, maji kidogo, koroga, subiri dakika chache. Kisome 0. Kikisoma 1.5, bandika karatasi yenye "toa 1.5" na uendelee nacho.

Kipimaunyevu cha bei ndogo kinahakikiwa kwa chumvi. Chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, ilowe kwa matone machache hadi iwe tope, kisha kifuniko na kipimaunyevu vyote viwili ndani ya mfuko usiopitisha hewa kwa nusu siku au zaidi. Kinatakiwa kionyeshe asilimia 75. Kazi hiyo ndogo inalipa, kwa sababu unyevu ukijulikana, urefu wa mawingu unajulikana pia. Chukua 100, toa unyevu, gawa kwa 5: hiyo takriban ni tofauti ya nyuzi kati ya joto la hewa na joto ambalo mvuke huanza kuganda kuwa umande. Zidisha kwa 125, upate kitako cha mawingu ya mafungu kwa mita juu ya uliposimama. Unyevu wa asilimia 70 hutoa nyuzi 6, yaani mita 750. Kama kilele kiko mita 900 juu yako, kitakuwa ndani ya wingu na hutaona njia wala mandhari. Hesabu hii huharibika unyevu ukiwa chini ya nusu, na haifai kwa mawingu ya tabaka, lakini asubuhi ya msimu wa mvua inakaribia ukweli vya kutosha kuamua uchukue njia ipi.

Baromita imewachanganya wengi wanaoishi ukanda wa joto, na sababu yake ni vitabu vilivyoandikwa kwa nchi za mbali na ikweta. Huko, kanieneo (mgandamizo wa hewa, unaopimwa kwa hektopaskali) ikishuka hektopaskali 3 kwa saa tatu, koti la mvua hutolewa. Karibu na ikweta hewa ina mawimbi yake ya kila siku: hupanda na kufikia juu kama saa nne asubuhi, hushuka hadi kama saa kumi jioni, hupanda tena hadi saa nne usiku, hushuka hadi saa kumi alfajiri. Tofauti yake yaweza kufika hektopaskali 3, mvua iwepo isiwepo. Mtu akitazama asubuhi na kutazama tena alasiri ataona "inashuka" kila siku ya Mungu. Suluhisho ni lile lile la saa: linganisha saa nne ya leo na saa nne ya jana, si asubuhi na jioni. Ukilala mlimani na saa yenye kipimo cha mwinuko, ambacho hukadiria mwinuko kwa kanieneo, itazame kabla ya kulala. Ukiamka na kukuta inadai hema lako limepanda mita 40 usiku, hema halijaenda popote; kanieneo imeshuka karibu hektopaskali 4 au 5, na hiyo inazidi mawimbi ya kawaida.

Mawingu. Majina ya Kilatini tunayotumia yalipangwa na Luke Howard, mtengenezaji wa dawa wa London, aliyeyachapisha mwaka 1803: sirasi kwa nyuzi nyembamba za juu, kumulasi kwa mafungu, stratasi kwa tabaka, nimbasi kwa yanayotoa mvua. Kuyajua majina kunafaa, ila mlimani kuna mambo mawili tu ya kutazama, nayo yote yako kwenye kumulasi. La kwanza ni umbo na saa. Nyosha mkono, kadiria kwa ngumi. Fungu ambalo ni pana kuliko urefu wake saa tano asubuhi halina haraka. Fungu lililo refu kuliko upana wake saa nne asubuhi, na vichwa vyake vinachipuka kama ua la koliflawa, limeanza kazi mapema mno, na saa yako ya kugeuka irudishwe nyuma. Vijinara vidogo vilivyopangana juu ya tabaka la wingu la kati alfajiri, kama kingo za ngome, ni onyo lingine: hewa ya juu tayari imelegea kabla jua halijafanya lolote.

La pili ni kingo za kichwa cha wingu. Lichague wingu moja, ulitazame kwa dakika kumi bila kuhamisha macho kwa majirani zake. Mwanzoni kingo zake ni kali, kama zimekatwa kwa kisu, na kila uvimbe una kivuli chake. Kisha sehemu ya juu kabisa huanza kulainika, hupoteza vivuli, huchakaa pembeni kama pamba iliyovutwa. Hapo matone yamegeuka barafu. Chembe za barafu na matone ya mvua ya mawe yakigongana humo ndani, chaji za umeme hutengana, na kuanzia hapo radi inaweza kupiga hata kama chini bado jua linawaka. Baadaye kichwa hutandazwa na upepo wa juu kikawa kama fuawe la mhunzi. Anayengoja fuawe ndipo ashuke amechelewa. Muda wa kushuka ulikuwa ule kingo zilipolainika.

Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi ngurumo, gawa kwa tatu, hizo ni kilomita. Sekunde 30 ni kilomita 10, na huo ndio mpaka: chini ya hapo uwe umeshaondoka kwenye mgongo wa mlima, umetoka majini, umeacha uwanja wa wazi. Ukishajificha, subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, na kila ngurumo mpya inaanzisha hesabu upya. Watu hutoka mvua inapokatika, jambo ambalo ni kosa, kwa sababu radi huweza kuruka zaidi ya kilomita 15 kutoka kwenye wingu lake na kupiga mahali penye anga la buluu.

Viatu vya mpira havikingi. Gari hukinga kwa sababu ya bodi lake la chuma linalopitisha umeme nje ya abiria, si kwa sababu ya magurudumu. Hema halikingi hata kidogo. Chini ya mti mmoja ni pabaya kuliko kusimama penye mvua, kwa kuwa umeme huruka kutoka shinani kwenda kwa mtu na pia husambaa ardhini kupitia mizizi. Mdomo wa pango lisilo na kina nao ni mtego, maana umeme unaoteremka kwenye mwamba huruka pale penye uwazi. Msitu mnene wa miti ya kimo kimoja, bondeni, ni afadhali. Kundi litawanyike, mita 15 au zaidi kati ya mtu na mtu, ili radi moja isiwaangushe wote na abaki wa kusaidia. Aliyepigwa habaki na umeme mwilini, mshike. Kama hapumui, anza kubana kifua mara moja, kwa sababu wanaokufa, wengi wao hufa kwa moyo kusimama, na moyo huo mara nyingi hurudi ukisaidiwa.

Mto una saa yake pia, na haifanani na saa ya mvua. Mvua iliyonyesha vilima vya juu alasiri inaweza kukufikia kivukoni usiku, chini ya anga la nyota. Ndiyo maana mkondo mkavu wenye mchanga laini, unaovutia kupiga hema, ndio mahali pa mwisho pa kulala. Ukifika kivuko, kabla ya kuvua viatu, chomeka kijiti au weka jiwe pale maji yanapoishia, kisha kula ulichobeba. Dakika kumi na tano. Jiwe likiwa limelowa nusu, maji yanapanda. Dalili nyingine: rangi ya chai iliyokolea mahali palipokuwa peupe, majani mabichi na vijiti vinavyoelea, povu, na mlio wa mawe yanayogongana chini, ambao husikika zaidi kwa miguu kuliko kwa masikio. Ukisikia huo, usivuke. Maji yanayokimbia ya sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 30 yanaweza kulibeba gari dogo. Yakifika juu ya goti na yana kasi, rudi. Anayevuka afungue mikanda ya begi ya kiunoni na kifuani ili aweze kulitupa, ashike fimbo upande wa juu wa mkondo, na asivue viatu. Mguu mtupu juu ya mawe yenye utelezi hauna chake. Na kivuko cha asubuhi si kivuko cha jioni. Mito inayolishwa na theluji au barafu ya mlimani huwa midogo kabisa alfajiri, kabla jua halijayeyusha kitu.

Msimu wa baridi unaua watu wakiwa mbali sana na nyuzi sifuri. Nyuzi 8, mvua nyembamba, upepo wa kutikisa matawi na fulana ya pamba vinatosha. Pamba ikilowa huacha kabisa kutunza joto. Sufu au kitambaa cha polista huhifadhi kiasi. Mwenzako akitetemeka, bado mwili wake unapigana. Akianza kujikwaa, kugugumia maneno na kujibu ovyo, simamisha safari papo hapo: vua vilivyolowa, mtenge na ardhi kwa chochote, mfunike, mpe kitu chenye sukari kama anaweza kumeza. Kutetemeka kukikoma bila kupata joto si nafuu. Pombe isiguswe, hupanua mishipa ya ngozi na kutoa joto nje.

Utabiri unaousoma kwenye simu huwa ni wa eneo la kilomita kadhaa na mwinuko wa wastani, kwa hiyo toa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Utabiri ukisema 24 mahali penye mita 1,200 na unalala mita 2,700, tegemea 14, kisha upepo juu yake. Usiku mweupe usio na upepo utageuza hesabu hiyo: hewa baridi ni nzito, huteremka na kutuama bondeni kama maji. Hema lililopandishwa mita 20 au 30 juu ya sakafu ya bonde mara nyingi huamka na nyuzi kadhaa zaidi, na bila jalidi. Saa ya baridi kuu si usiku wa manane bali muda mfupi kuzunguka mawio ya jua. Wanaoondoka saa kumi alfajiri wanaondoka joto bado linashuka.

Kiangazi hakihitaji maneno mengi. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali kwa ngozi hata kama hewa ni baridi, na mionzi yake inayochoma huongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kunywa kabla ya kiu, na uambatanishe na kitu chenye chumvi, kwani lita nyingi za maji matupu nazo huangusha mtu. Mwenye joto kali mwilini anayechanganyikiwa hasubiri kupelekwa popote kabla ya kumwagiwa maji na kupepewa. Poza kwanza, beba baadaye.

Safu moja zaidi ya daftari: ule utabiri wa jana kuhusu leo. Ukisema asilimia 40 ya mvua haujakosea iwapo haikunyesha. Kusanya siku zote zilizoandikwa 40. Kama ilinyesha kwenye nne kati ya kila kumi, utabiri huo ni wa kuaminika. Kama ilinyesha kwenye saba, kwako 40 inamaanisha 70, na hiyo inatokea sana upande wa mlima unaopokea upepo. Itakuchukua siku 30 za namba moja kabla hesabu haijatulia, kwa hiyo usihukumu baada ya wiki.

Mwisho wa mwaka, siku isiyo na mvua, shusha kila kitu. Osha faneli kwa maji ya sabuni na upime kipenyo tena, kwani jua huikunja. Rudia barafu kwa kipimajoto na chumvi kwa kipimaunyevu, na andika tarehe. Pima kimo cha mti upya. Wenye mita 4 mwaka jana huenda una 5 leo, na kipimamvua kihame mita mbili zaidi. Kisanduku kilichopauka na kuota ukungu hunywa jua na kupandisha joto la mchana, kwa hiyo kipigwe rangi nyeupe mpya, nje na ndani, na kipimajoto kisirudishwe humo hadi rangi ikauke kabisa.